Kidonge na Macho ya Jirani

Mkiwa, wilayani Ikungi, ni njia panda: barabara ya Itigi inaungana hapo na ile ya Manyoni kwenda Singida. Katika vituo vidogo vya barabarani watu wanajuana, na anayeonekana ameshika kadi ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, hufika nyumbani akakuta habari imemtangulia. Ndiyo maana wapo, nchi nzima, wanaoiruka zahanati ya jirani na kufuata dawa mji mwingine. Wengine huvihamishia vidonge kwenye karatasi, maana kopo likitikisika linalia.

Anayejificha hivyo hukosa dozi kirahisi, na hapo ndipo VVU hupata nafasi. Virusi hivi hulala ndani ya baadhi ya chembe za kinga, ambako dawa haiwezi kuvifuta. Inachofanya ni kuvizuia visizaliane. Siku hizi wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu. Asiyekosa dozi, kwa kawaida ndani ya miezi sita virusi vyake hufubaa hadi kipimo kisivione. Akiacha, vinarudi baada ya wiki chache tu.

Utafiti wa PARTNER, uliofanyika Ulaya, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, wakijamiiana bila kondomu. Matokeo yake ya 2016 na 2019 hayakuonyesha hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi ambaye virusi vyake vimefubazwa. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta takriban asilimia 78 ya watu wazima wenye VVU wamefubaza virusi vyao.

Basi wa kuhofiwa ni nani? Hakika si yule mwenye kadi anayemeza dawa zake. Maambukizi mengi hutoka kwa asiyepimwa au aliyeacha dawa, na wengi wao wamefikishwa hapo na midomo yetu. Wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983 hapakuwa na dawa, na hofu ndiyo ilikuwa elimu. Dawa zimekuja, hofu haijaondoka. Bado kuna nyumba zinazotenga vikombe, ilhali kikombe hakijawahi kumwambukiza mtu VVU.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, na inamtaka mhudumu wa afya atunze siri ya majibu. Nawe ukimkuta jirani yako kwenye benchi la CTC, msalimie, upite zako, na ukifika nyumbani usiseme.