Gari la Viti Viwili na Funzo la Sheria

Wapo watu wanaoamini kwamba sheria za usalama ni adui wa starehe, na kwamba kila kanuni inayotungwa na serikali humwongezea mwenye kiwanda gharama na kumpunguzia mnunuzi furaha. Kisa cha gari dogo la wazi, lenye viti viwili tu na paa la turubai, chaonyesha kwamba jambo hili lina pande mbili, na upande wa pili ndio wenye funzo.

Kwa miaka mingi magari ya aina hiyo yalikuwa sifa ya Uingereza. MGB, iliyoanza kuundwa Abingdon mwaka 1962, ilipita idadi ya 500,000 kabla ya kusimamishwa mwaka 1980, na nyingi katika hizo ziliuzwa Marekani. Lakini huko Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilianza kudai magari yenye moshi usio na sumu nyingi, yenye bampa za kustahimili mgongano, na yenye kumlinda aliyemo ndani. Ukazuka uvumi kwamba magari yasiyo na paa la chuma yatapigwa marufuku. Marufuku hayo hayakuja, ila hofu yake ilitosha kuwavunja moyo wenye viwanda wengi. MGB nayo ilitii sheria kwa viraka: mwaka 1974 ilifungwa bampa kubwa nyeusi za mpira na kunyanyuliwa kutoka ardhini ili itimize kimo kilichotakiwa. Gari lililosifiwa kwa kushika barabara likapoteza sehemu ya utulivu wake kwenye kona. Wengi wakasema sheria imeliua.

Jawabu la madai hayo lilitoka Hiroshima, Japani. Mwezi wa Februari 1989, katika maonyesho ya magari ya Chicago, kampuni ya Mazda ilifunua gari la MX-5, ambalo Marekani lilijulikana kwa jina la Miata. Lilikuwa la wazi na la viti viwili kama yale ya zamani, lakini lilibuniwa huku matakwa ya sheria yakiwa mezani tangu mstari wa kwanza wa mchoro.

Baharia wa kwetu hahitaji kufundishwa siri ya gari hili. Nahodha ajua kwamba chombo hakitulii kwa ukubwa wake, bali kwa jinsi farumi na shehena zilivyopangwa. Wahandisi wa Mazda, wakiongozwa na Toshihiko Hirai, walifuata hekima hiyo hiyo. Injini ya lita 1.6 ilirudishwa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, na uzito ukagawanywa karibu nusu kwa nusu baina ya mbele na nyuma. Fremu ya alumini iliunganisha giaboksi na difu, ili dereva akanyagapo mafuta magurudumu ya nyuma yaitike papo hapo. Kila gurudumu lilishikwa kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, ili tairi likae sawasawa barabarani hata gari linapoinama kwenye kona. Boneti nayo ilikuwa ya alumini, na gari zima halikufika kilo 1,000.

Magari yaliyouzwa Marekani yalikuwa na mfuko wa hewa kwenye usukani tangu mwanzo, na abiria akapata wake katika magari ya mwaka 1994. Mfuko huo hujazwa gesi kwa kasi ipitayo kupepesa jicho, ukakipokea kichwa kabla hakijagonga chuma. Hata hivyo haufanyi kazi yake kikamilifu pasipo mkanda, kwani mkanda ndio umshikao mtu mahali pake. Hatari ya kupinduka nayo haikusahauliwa na mafundi wa magari ya wazi. Mwaka huo huo wa 1989, Mercedes-Benz ilionyesha gari lake la SL lenye nguzo iliyolazwa nyuma ya viti, ambayo husimama yenyewe kwa sehemu 3 za kumi za sekunde gari linapoanza kupinduka.

Kizazi cha nne cha MX-5, kilichoanza kuuzwa mwaka 2015, kilikuwa na mifuko ya hewa ya ubavuni, na boneti inayojiinua mtu wa miguu anapogongwa ili kichwa chake kisifikie injini. Kwa hayo yote, aina yake nyepesi ilibaki karibu na kilo 1,000. Wapimaji wa Ulaya waliipa nyota 4 kati ya 5 mwaka huo, mojawapo ya kasoro ikiwa kukosa breki za kujifunga zenyewe hatari inapotokea.

Wanunuzi je, walilikimbia? Bei yake ya mwanzo Marekani ilikuwa dola 13,800, na paa lake lilifunguliwa kwa mkono bila mashine. Mwezi wa Aprili 2016 gari la milioni moja lilitoka kiwandani. Hakuna gari jingine la wazi la michezo la viti viwili lililowahi kuuzwa kwa wingi huo. Ni dhahiri, basi, kwamba sheria haikuua starehe. Kilichoshindwa ni tabia ya kutii kwa viraka.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotuhusu. Magari mengi ya Unguja na Pemba hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Mfuko wa hewa hufanya kazi mara moja tu. Ukishafumuka lazima ubadilishwe, na kifuniko kipya cha usukani chaweza kuficha utupu. Mkaguzi wa serikali anayetazama rangi na taa peke yake hajakagua. Hana budi kuwasha gari, kuhakikisha kwamba taa ya onyo la mfuko huwaka kisha huzimika, na kuvuta kila mkanda hadi mwisho. Mnunuzi naye afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha yake, kwa maana ving'aavyo huonekana na kila mtu, na vinavyookoa maisha vimefichwa ndani.