Neno Dogo la Mwingereza

Tashbihi na istiari hazimsumbui sana mwanafunzi wa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili nacho kimejaa hizo. Mtu akiitwa simba, hapana amtafutaye mkia. Mubalagha nayo hutambulikana upesi. Mwingereza asemaye kwamba amekwambia mara elfu hakuzihesabu.

Pambo la usemi limpotezalo mgeni ni jingine, nalo ni kulitaja jambo kubwa kwa neno dogo, mara nyingi kwa kukana kinyume chake. Wayunani waliliita litotesi. Sisi pia twalijua: mtu akiulizwa habari za mavuno akajibu, "Si haba," twafahamu kwamba amepata. Mwingereza naye husema "si mbaya," na huenda hiyo ikawa sifa kubwa utakayoipata kwake. Ni desturi ya kale, maana utenzi wa Beowulf, ulio katika Kiingereza cha zamani sana, umejaa semi za namna hiyo. Lakini sisi twaitumia zaidi katika kheri, tusionekane twajivuna. Waingereza huitumia hata katika hatari, tena hatari inavyozidi ndivyo neno linavyopungua.

Mwezi wa Juni 1982 ndege ya Kiingereza iliingia katika majivu ya mlima wa moto karibu na kisiwa cha Java, na injini zake zote nne zikazimika. Rubani, Eric Moody, aliwaarifu abiria kwamba kulikuwa na tatizo dogo, ndipo akalitaja. Injini zikawaka tena, wakashuka Jakarta salama. Hapo neno dogo lilifaa, kwani liliwatuliza watu wasiokuwa na la kufanya.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwezi wa Aprili 1951, katika vita vya Korea, askari wa Gloucestershire Regiment walikuwa wakizingirwa na majeshi ya China karibu na mto Imjin. Yasimuliwa kwamba mkuu wao, Brigedia Tom Brodie, alimwarifu jemadari wa Kimarekani kuwa mambo yalikuwa yananata kidogo, kama mtu aliyeshika ulimbo. Mwingereza mwenziwe angalisikia kilio cha kuomba msaada. Mmarekani alisikia maneno yenyewe, akadhani hali yavumilika, wala hakuwaamuru waondoke. Zaidi ya watu 500 wa kikosi hicho walitekwa.

Basi usemi huu ni kama kibaba kisichojaa: msemaji hutia nusu, na msikilizaji hutazamiwa kuijaza nusu iliyobaki. Wawili hao walikuwa na lugha moja, walakini mmoja hakujua kwamba ana deni la kujaza.

Si Waingereza wote waupendao. Mwaka 1946 George Orwell aliwadhihaki waandishi warundikao makano mawili mawili, na twaona alikuwa na haki, kwa kuwa pambo likizidi huwa ukungu.

Mwanafunzi na ajihadhari hasa na neno "quite". Mwalimu wa Kiingereza akiandika kwamba insha ni "quite good", mara nyingi ameona upungufu; Mmarekani akiandika vivyo hivyo, amesifu kweli. Na barua ya ofisi ya Kiingereza ikisema kwamba pengine ungependa kulifikiri tena shauri lako, usidhani umeachiwa hiari. Ijibu siku ile ile.