Bando Lako Lisigawe Gemu Bila Ruhusa Yako

Anayenunua bando la GB 10 pale Kibondo ili apakue gemu ya GB 6 anajua zitabaki GB 4. Asichokijua ni kwamba kompyuta yake inaweza kuzitumia hizo nne kuwapelekea watu asiowafahamu vipande vya gemu ileile. Bando la simu hupima data inayoingia na inayotoka, na zote zinakatwa mahali pamoja.

Njia hii ya wachezaji kupeana mafaili ilienea kupitia BitTorrent, aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001. Faili kubwa linakatwa vipande vidogo. Anayepata kipande anakipakia kwa mwenzake, huku akipokea vingine. Kila kipande hulinganishwa na alama ya kihesabu iliyotolewa na mwenye faili. Kikiwa kimeharibika au kimechezewa, hakilingani, kinatupwa.

Kampuni ya Blizzard iliitumia kusambaza masasisho ya World of Warcraft, gemu iliyotoka 2004, na mchezaji aliweza kuzima ugawanaji huo. Windows 10 ilipoingia sokoni 2015, Microsoft walileta Delivery Optimization, njia yao ya aina hiyohiyo, inayoshughulikia masasisho ya Windows pamoja na gemu za Microsoft Store. Katika toleo la nyumbani, kupakia kwa watu wa mtandaoni kulikuja kumewashwa tayari.

Mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo haumii. Anayeumia ni kijana wa Kasulu anayewasha hotspot ya simu ili laptop ipate mtandao. Kampuni inapunguza mzigo wa seva zake, na sehemu ya mzigo huo inahamia kwenye vocha ya kijana huyo. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Programu inayotoa mali yako bila kukuuliza haijakuachia nafasi ya kuwa na moyo huo.

Hata hivyo, kugawana kwenyewe ni jambo jema, hasa ndani ya chumba kimoja. Chukua ukumbi wa gemu wenye kompyuta tano na sasisho la GB 4. Kila moja ikipakua peke yake, zinakwenda GB 20. Moja ikipakua na kuzigawia nne zilizobaki kupitia ruta, bando linaguswa kwa GB 4 tu, kwa sababu data inayozunguka ndani haipiti kwenye mnara. Duka la gemu la Steam liliongeza uwezo huu mwaka 2023, na mwenye akaunti ndiye anayechagua nani achukue kwake. Vijana wetu wanaorushiana gemu za simu kwa programu ya Xender wanaijua faida hii siku nyingi.

Basi shika udhibiti. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Windows Update, Advanced options, kisha Delivery Optimization. Ruhusu kompyuta za mtandao wa ndani peke yake, au zima kabisa. Hapohapo kuna Activity monitor, inayoonyesha umepakia kiasi gani mwezi huu. Itazame kabla ya kulaumu mtandao. Halafu nenda kwenye Wi-Fi ya hotspot yako, uwashe Metered connection, ili Windows ijue data hiyo inalipiwa kwa kipimo na iache kupakia kwa watu wa mtandaoni. Kwenye Steam, sehemu ya Downloads, punguza kasi au panga saa za masasisho, zikiwemo za usiku kama bando lako ni la usiku.

Lakini ulinzi huu usiachwe kwa mtumiaji peke yake. Kanuni za vifurushi za 2021 za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, zilitaka mteja aweze kumhamishia mwenzake sehemu ya bando. Pale anayeamua ni mwenye bando: nani apewe, na kiasi gani. Watengenezaji wa gemu nao wafuate msingi huo. Kupakia kuje kumezimwa, programu iombe ruhusa kwa lugha inayoeleweka, na ionyeshe MB zilizotoka wazi kama inavyoonyesha zilizoingia.