Mbunge Anapozungumzia Ugaidi: Tumtake Aseme Nini?



Tulialikwa darsa Mbweni, Dar es Salaam, baada ya Alasiri, kwa jamaa zetu waliohamia huko kutoka Pemba. Tulipomaliza, mama mmoja akauliza: "Maalim, mbunge akisimama kuwasemea vijana waliokamatwa kwa ugaidi, anaambiwa anatetea magaidi. Akinyamaza, sisi tunamwita msaliti. Sasa tumtake aseme nini?" Magharibi ilikuwa imekaribia, tukamjibu kwa ufupi na kuahidi kuandika.

Kwanza tusijidanganye kuwa khatari yenyewe ni ya kubuni. Njia inayowapeleka watu wa Mbweni mjini hupita jirani na Oysterbay, ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Waliuawa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, siku hiyo hiyo, waliuawa zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokwenda kazini kwao. Na tuseme lisilopendeza: miongoni mwa waliotiwa hatiani huko New York kwa mashambulizi hayo, mmoja mwaka 2001 na mwengine 2010, wamo watoto wa Zanzibar. Hapa visiwani Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali Novemba 2012, na Padri Evarist Mushi akapigwa risasi na kufa Februari 2013. Maana ya aya ya 32 ya Suuratul-Maaidah haimpi nafasi yeyote ya kuyahalalisha haya.

Kwa hiyo mbunge anayetaka nchi ilindwe hajakosea. Suala ni vipi anaitungia sheria.

Baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373, likazitaka nchi zote ziufanye ugaidi kuwa kosa la jinai na kuziba njia za fedha zake. Azimio lilisema mengi, ila halikueleza ugaidi ni nini. Kila nchi ikaachiwa kujaza. Tanzania ikatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21 ya 2002, na Waislamu wengi wakailalamikia tangu mwanzo. Kwa kuwa ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, sheria hiyo inatumika Bara na Zanzibar. Kulipeleka jambo hili Baraza la Wawakilishi pale Chukwani ni kugonga mlango usiokuwa wake, maana hujadiliwa Dodoma.

Hapa ndipo tungependa wabunge wetu wasome kidogo fiqhi. Wanazuoni walipozungumzia hiraaba, yaani kuvamia watu kwa silaha na kuwatia khofu, hawakuliacha neno likielea. Walijadiliana ni nani khasa anaitwa muhaaribu, lazima awe na silaha au la, na je, uvamizi wa ndani ya mji unahesabiwa? Abu Haniifah aliona hiraaba ni ya nje ya mji, na Imamu wetu Shaafi'iy akaona hata mjini inakuwa, pale ambapo hakuna msaada wa kumfikia aliyevamiwa. Mtu anaweza kudhani huko ni kuchambua nywele. Siyo. Adhabu ya hiraaba ni nzito mno, na kadiri adhabu inavyokuwa nzito ndivyo mpaka wa neno unavyotakiwa uonekane. Sheria yetu inahesabu, pamoja na mengine, kitendo ambacho "huenda" kikaidhuru nchi vibaya. Huenda! Neno hilo linaweza kumvuta hata asiyebeba kisu.

Tunakumbuka pia msimamo wa 'Aliy bin Abi Twaalib (Radhwiya Allaahu 'anhu) na Khawaarij. Walimkufurisha waziwazi, naye hakuwazuilia misikiti wala kuwanyima haki zao katika mali ya umma. Aliwapiga vita walipomwaga damu.

Sasa tazama yaliyotokea kwetu. Viongozi wa Uamsho walikamatwa Oktoba 2012, na mwaka 2014 walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam. Shtaka la ugaidi halina dhamana, kwa kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na Mahakama ya Rufani ilikithibitisha kifungu hicho Agosti 2020. Wakakaa mahabusu. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayafuta mashtaka, bila ya hukumu kutolewa. Wapo miongoni mwetu waliopenda mihadhara yao na wapo wasioipenda kabisa. Sisi hatuandiki kuitetea. Lakini karibu miaka saba mtu hajaambiwa ana hatia wala hana! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza baba yake aliposhtakiwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi. Katika mapokezi ya Tirmidhiy, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimzuilia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Kuzuilia kwa tuhuma kupo, ila kuna kikomo.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya Waislamu peke yao. Julai 2021, mwezi mmoja tu baadaye, Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza na kushtakiwa chini ya sheria hiyo hiyo. Mashtaka yalifutwa Machi 2022. Mwaka 2002 ilipotungwa, Mbowe alikuwa mbunge wa Hai.

Kenya Disemba 2014 wabunge walipitisha marekebisho ya sheria za usalama kwa vurugu na kumwagiana maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane, kikiwemo kilichotaka wakimbizi wasizidi 150,000 nchi nzima.

Basi jibu letu kwa mama wa Mbweni ni kwamba mbunge hana haja ya kumtetea mtuhumiwa yeyote kwa jina. Aseme wauaji wakamatwe, na aseme kwa sauti. Kisha aulize: neno ugaidi linaishia wapi? Upelelezi una siku ngapi, na zikipita nini kinafuata? Hakimu kwa nini asipewe nafasi ya kupima dhamana ya kila mtu kwa hali yake? Na aliyefutiwa mashtaka baada ya miaka, nani anamlipa? Kwa sheria ilivyo, aliyefutiwa hivyo anaweza hata kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Anayeuliza haya hatetei magaidi, na atakayemwita hivyo ajibiwe kwa utulivu.

Nasi tuna sehemu yetu. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kamati ya Bunge, na kamati huita watu watoe maoni. Wakati huo misikiti yetu huwa kimya. Kelele huja kijana wa mtaani akishachukuliwa. Imamu na wazee wanaweza kukaa baada ya Ijumaa moja, wakaandika ukurasa mmoja wenye maswali hayo na kumpelekea mbunge kabla muswada haujarudi kusomwa mara ya pili.

Wa-Allaahu A'lam.