Gari la Kikundi Likigonga Lingine Sokoni

Vikundi vingine vina pikapu ya kupeleka mazao sokoni. Je, dereva akirudi nyuma avunje taa ya gari lililoegeshwa, afanye nini?

Kwanza, asimame. Asitoroke ati hakuna aliyeona. Katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hata mahali pa kuegesha magari ni barabara. Lazima atoe jina na anwani yake, za mwenye gari, na namba ya gari. Mwenyewe asipopatikana, aripoti polisi mapema, masaa 24 yasipite.

Pili, aandike saa, mahali, namba za magari, kampuni za bima na majina ya mashahidi. Kama simu ina kamera, apige picha.

Tatu, asitoe pesa za kikundi papo hapo. Aarifu mwenyekiti, mweka hazina na kampuni ya bima. Mkikubali kulipana, andikeni na mtie sahihi kwamba maneno yameisha. Bila karatasi, taa moja yaweza kudaiwa mara mbili, na akiba ya wanachama ndiyo italipa.

Swali la mkutano: Je, dereva wetu anajua haya?