Mrao, Gumegume na Fataki: Ushahidi wa Lugha katika Uhalisi wa Bunduki Kongwe za Unguja

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, hususan yale ya mtaa wa Gizenga, bunduki ndefu zenye vitako vilivyochakaa huuzwa kwa maelezo yasiyobadilika sana: hii ni bunduki ya Kiarabu, ya zama za Sayyid Said. Sultani huyo alifariki mwaka 1856, na ni vigumu kuamini kwamba kila bunduki itundikwayo ukutani ilipata kumwona. Jambo la kusikitisha ni kwamba jina hilo la jumla limefunika msamiati wa Waunguja wenyewe, ambao ulizibagua silaha hizo kwa makini zaidi kuliko wauzaji wa leo.

Msamiati huo ulihifadhiwa katika kamusi za zamani, kama ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939. Neno bunduki lenyewe ni la Kiarabu. Hapo awali lilitaja tunda dogo lenye ganda gumu, kisha likataja kidonge kilichorushwa kwa upinde, na hatimaye chombo cha kurushia risasi. Kiswahili hakikuridhika na jina hilo tupu. Kiliongeza namna moto unavyowashwa. Bunduki ya mrao ni ile inayowashwa kwa utambi unaofuka, na ndiyo waliyojulikana nayo Wabulushi, askari wa kukodiwa wa masultani. Bunduki ya gumegume huwashwa kwa jiwe gumu linalotoa cheche likigonga chuma. Bunduki ya fataki hutumia kifuniko kidogo cha shaba chenye chumvi ya zebaki, ambayo hulipuka ikigongwa. Baada ya hizo ikaja bunduki ya viasi, ambapo baruti na risasi vimekwisha kupimwa na kufungwa pamoja, na bunduki hujazwa kwa nyuma.

Tatu za mwanzo zote hujazwa kwa mdomo. Baruti humiminwa mtutuni, hufuatwa na kitambaa na risasi au marisaa, kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki, yaani ufito uliochomekwa chini ya mtutu. Ndizo ambazo kwa ujumla huitwa magobori. Neno gobori, kwa hiyo, hueleza namna ya kujaza, si namna ya kuwasha wala umri. Anayeandika "gobori" katika orodha ya makumbusho na kukomea hapo ameandika nusu ya habari.

Umri ndipo penye mtego. Katika majeshi ya Ulaya fataki ilianza kuchukua nafasi ya gumegume mnamo miaka ya 1840, na wakusanyaji wengi hudhani kwamba kila gumegume ya Unguja lazima iwe na umri unaozidi hapo. Historia ya biashara inakanusha dhana hiyo. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliruhusu bunduki, baruti na risasi kuuzwa bila kizuizi katika bandari zake nyingine, ilhali katika kisiwa cha Unguja mnunuzi alikuwa serikali peke yake. Bila shaka mtawala hakutaka silaha ziingie mikononi mwa watu asiowajua karibu na kasri lake. Baadaye, Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalibana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sheria ikafanya silaha iliyopitwa na wakati iendelee kuwa bidhaa. Viwanda vya Birmingham na Liège vilitengeneza bunduki za namna hiyo kwa ajili ya soko la Afrika, na gumegume moja inaweza kuwa changa kuliko fataki iliyo kando yake.

Alama zilizogongwa kwenye chuma husaidia, ila nazo zisomwe kwa tahadhari. Neno "Tower", linaloashiria ghala la silaha la London, liliigwa na mafundi wa Ubelgiji kwa sababu wateja waliliamini. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za ukaguzi wa Liège tangu mwaka 1810. Zikiwa na taji juu yake, mtutu haukukaguliwa kabla ya mwaka 1893, na hadithi ya Sayyid Said inakufa papo hapo.

Je, bunduki iliyobadilishwa imepoteza uhalisi? Zipo gumegume zilizogeuzwa kuwa za fataki: kisahani cha baruti kimeondolewa, tundu la moto limepanuliwa na kutiwa kipande chenye chuchu ya kuvalishia fataki. Zipo pia zilizotiwa kitako kipya na fundi wa hapa hapa, au kufungwa pete za fedha na shaba. Kuziita hizo bandia ni kosa. Mwenye bunduki aliitengeneza ili aitumie, na matengenezo yake ni sehemu ya maisha ya chombo. Bandia ni ile iliyounganishwa juzi ili imdanganye mgeni. Kutu yake imeenea sawasawa kama rangi, skrubu zake zimekatwa kwa mashine, na tundu lake la moto halina ulikaji wowote wa baruti.

Mfano bora wa chombo kilichobadili mikono bila kupoteza ukweli wake ni mizinga miwili ya shaba iliyowekwa kwa miaka mingi mbele ya mlango wa Beit al-Ajaib. Ina nembo ya Ureno na maandishi ya Kiajemi, na huhusishwa na kutwaliwa kwa Hormuz mwaka 1622. Hakuna aliyefuta maandishi ya mwenziwe. (Waswahili, kwa upande wao, waliitazama silaha hiyo wakaona gogo la nyuki, wakaipa jina la mzinga.) Jengo lenyewe, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Makumbusho yaliyokuwamo yalikuwa yamekwisha kufungwa. Vitu vinapohamishwa kutoka ghala hadi ghala, kibandiko ndicho hupotea kwanza, na atakayeandika kipya ataandika kwa maneno aliyo nayo.

Maneno aliyo nayo yamekwisha kuhama. Kwa vijana fataki ni ya sherehe za mwaka mpya, au ni mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, maana iliyoenezwa na kampeni ya redioni iliyoanza mwaka 2008. Gumegume ni mwanamume asiyefaa kitu. Mrao hausikiki kabisa.