Jua la mpakani: Linakausha mahindi bure, lakini ngozi na khanga hulipa

Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo ni mipaka ya nchi tofauti zenye sarafu tofauti, lakini jua lake ni moja. Vituo vyote hivi viko ndani ya nyuzi tatu kutoka ikweta. Hapo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Septemba, husimama wima kichwani.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani jua hilo ni kifaa cha kazi. Linakausha mahindi, dagaa na nguo bila bili ya umeme. Linamgharimu pia. Khanga zilizotundikwa mbele ya kibanda hupauka, mafuta ya kujipaka huharibika kabla ya tarehe yake, na mwenye mali hukaa foleni saa kadhaa bila kivuli. Wanaolizoea jua hili ni wengi. Wanaolipangia ratiba ni wachache.

Saa za kujihadhari

Miale inayounguza ngozi huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kipimo rahisi ni kivuli cha mtu mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, miale ni mikali. Mawingu mepesi hayazuii mengi, na ubaridi wa nyanda za juu hudanganya. Kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo miale inavyoongezeka, kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000. Anayeuza viazi kwenye baridi ya milimani anaweza kuungua bila kusikia joto.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, melanini, ndiyo maana saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwa wenye ngozi hiyo. Kinga hiyo haitoshi kwa kila kitu. Jua huacha mabaka meusi mashavuni na kwenye paji la uso, hukausha midomo, na kwa miaka mingi huweza kuotesha kinyama kwenye weupe wa jicho. Kofia yenye ukingo mpana huzuia mengi kuliko kapelo, ambayo huacha masikio na shingo wazi. Nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kubana hushinda krimu nyingi, na haiishi kwenye kopo.

Anayetumia krimu ya kuzuia jua atafute yenye SPF 30 au zaidi, ajipake kabla ya kutoka na kurudia kila baada ya saa mbili, kwani jasho huiondoa. Kwa watu wenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa kuwa ngozi yao haina kinga hiyo na saratani huweza kuanza wakiwa vijana. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili yao.

Mambo mawili husahaulika. Majimaji ya ndimu au limau yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu wiki kadhaa. Anayekamua au kuuza ndimu anawe mikono, na anayezipaka usoni ili ang'ae aache. Pili, baadhi ya dawa, ikiwemo doxycycline, hufanya ngozi iungue upesi. Ni vyema kumuuliza mfamasia kabla ya kurudi juani.

Mkorogo na jua haviendi pamoja

Bidhaa moja inayovuka mipaka kwa siri huongeza hatari hii: krimu za kujichubua, mkorogo kwa Watanzania, mukorogo kwa Wanyarwanda. Nyingi hufanya kazi kwa kupunguza melanini, yaani kumvua mtu mwavuli aliozaliwa nao na kumwacha juani.

Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kugeuza ngozi kuwa na mabaka ya bluu na nyeusi, hasa sehemu zinazopigwa na jua, na mabaka hayo ni magumu kutibika. Krimu zenye steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikaota chunusi na michirizi, na kidonda kikawa kigumu kupona. Zebaki hupenya ngozini hadi kwenye figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kwenye lebo zebaki huandikwa mercury, calomel au kwa herufi Hg. Kopo lisilo na orodha ya viambato ni onyo tosha.

Kwa mfanyabiashara hasara iko pia mfukoni. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki, na shehena ikikamatwa huharibiwa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomsaidia mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuvuka kwa fomu nyepesi, hauhalalishi bidhaa iliyopigwa marufuku.

Hata kipodozi halali kinahitaji kivuli. Losheni, mafuta na krimu ya jua vikikaa siku nzima kwenye meza inayochomwa na jua hubadilika harufu, hujitenga maji na mafuta, na nguvu ya dawa hupungua. Turubai juu ya kibanda na makopo ya maonyesho yaliyo matupu huokoa mtaji.

Khanga, kitenge na kamba ya nguo

Rangi ya kitambaa hupauka kwa miale ileile inayounguza ngozi. Muuza vitenge mwenye uzoefu hutundika kipande kimoja cha sampuli na kukibadilisha mara kwa mara, huku mzigo ukibaki ndani umekunjwa. Nyumbani, khanga na vitenge hugeuzwa ndani nje kabla ya kuanikwa, hukaa juani muda mfupi na kuanuliwa mara vikikauka. Mashuka meupe, taulo na nepi hustahili jua kamili, kwa sababu hung'arisha na kupunguza vijidudu.

Kuna tahadhari moja. Nguo inayokaa na unyevu kivulini, au iliyotandazwa chini, huvutia nzi anayetaga mayai kwenye kitambaa, na funza wake huingia chini ya ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Kamba ya juu na pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mikanda, huua mayai hayo.

Mahindi: jua linaloamua nani avuke

Wafanyabiashara wa nafaka hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja.

Sumukuvu hutoka kwa kuvu wanaostawi kwenye punje zenye unyevu, na kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hapo ndipo jua linapoamua biashara. Mahindi hutandazwa juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, kwa tabaka jembamba linalogeuzwa mara kwa mara, na hufunikwa kabla ya umande wa jioni. Asiye na kipimo hutia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na kazi bado. Isiponata, mzigo umekaribia, lakini kipimo cha ghalani ndicho cha mwisho. Kuanika hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia, hivyo punje zenye ukungu hutengwa mapema.

Dagaa, omena wa Kenya na mukene wa Uganda, nao hukauka vizuri zaidi kwenye vichanja kuliko mchangani, na mchanga kwenye gunia hushusha bei. Mboga za majani ni kinyume chake. Mchicha na majani ya kunde huanikwa kivulini penye hewa, kwani jua kali huharibu vitamini A pamoja na rangi ya kijani.

Chupa juu ya paa

Kwa kaya isiyo na kuni za kuchemshia maji, jua lina msaada mwingine. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua, huua vijidudu vingi vya kuharisha. Mbingu ikiwa imefunga mawingu, chupa hukaa siku 2. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, eneo lenye mji wa Namanga, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa waliokunywa maji yaliyowekwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao ambao chupa zao zilibaki ndani. Njia hii haiondoi kemikali wala chumvi.

Vituo kadhaa vikubwa vya mipakani hufanya kazi saa 24. Anayefika kabla ya saa mbili asubuhi, akiwa na nyaraka zake tayari, huweza kumaliza foleni kabla kivuli chake hakijawa kifupi kuliko yeye.